Kiti cha Anayekula wa Mwisho

Pesa ya mtaro wa maji ya mvua wa Ndosho, mtaa wa Goma, ilirudi Ulaya. Haikuibwa, wala hakuna mkubwa aliyeila. Ilikaa benki mwaka na nusu ikimngoja injinia wa Mfuko wa Kukopesha Miji aje kuona kwa macho yake mahali mtaro utakapopita, maana sheria ya Mfuko ilitaka hivyo. Bima ya injinia huyo ikamkataza kukanyaga Goma, maana sheria ya bima nayo ilitaka hivyo. Muda ulipokwisha, pesa ikarudi ilikotoka, na mji ukadaiwa ada ya kuihifadhi. Watu wa Goma wakalipia pesa ambayo hawakuishika hata siku moja.

Mvua haikuwa na habari ya sheria. Ilianza mwezi wa tisa kama kila mwaka, ikateremka barabarani kwa kukosa pa kwenda, ikaingia katika atelie, karakana ya Adalbert, ikayaelesha maranda yote, ikaharibu vitanda viwili vilivyokwisha kupakwa vanishi. Adalbert alikuwa fundi wa vitanda na milango, mtu wa Butembo aliyekuja Goma akiwa kijana. Shule aliiacha darasa la sita. Sasa alikuwa na miaka hamsini kasoro, na mdomo usiojua kupaka maneno mafuta.

Ndipo redio ikatoa habari iliyoiwasha Ndosho nzima. Mfuko wa Kukopesha Miji umepata mkuu mpya, mama mmoja anayetoka katika nchi ya wakopaji. Tangu Mfuko uanzishwe, mkuu alikuwa akitoka kwa wakopeshaji tu. Na siku yake ya kwanza kazini mama huyo alisema kwamba ile meza ambako sheria zinaandikwa itaongezwa viti, na kwenye viti hivyo watakaa watu wa miji inayokopa. Goma ilipewa kimoja, cha miaka miwili. Wa kukikalia atachaguliwa na wanachama wa koperative, ushirika wa mtaa wa Majengo, ile ambayo pesa za Mfuko hupitia.

Siku hizo hukuweza kunyolewa Ndosho bila kusikia habari ya Mfuko. Kwa kinyozi, kwa wachomea vyuma, kwa wauza makala, ule mkaa wa kupikia, watu waliongea kama timu yao imeingia fainali.

"Huyu mama anajua deni," alisema muuza makala mmoja. "Mutu mwenye alishalala na deni hafanane na mwenye alilisoma kwenye kitabu."

Kulikuwa na mfupa mmoja tu kooni. Uchaguzi wa koperative uliendeshwa kwa sheria ya zamani ya Mfuko wenyewe: anayetoa zaidi anasema zaidi. Hisa moja, kura moja, na hisa moja dola tano. Na mwenye hisa nyingi kuliko wote alikuwa Constant.

Constant alikuwa tajiri wa simenti wa kule Himbi, mwenye malori, kicheko kikubwa na Kifaransa kilichonyooka. Hakuwa mtu mbaya. Alilipia wagonjwa hospitali bila kuombwa mara mbili. Lakini miaka yote mikutano ya Mfuko ilifanyika sebuleni kwake, na wakubwa wa Mfuko walipopita Kigali, yeye ndiye aliyevuka mpaka kwenda kula nao. Ilipojulikana kwamba pesa ya mtaro inarudi, alisema sheria ni sheria, akaendelea na simenti yake. Sasa alitaka kiti, na mji mzima uliona kama amekwisha kukikalia.

Mji mzima, isipokuwa likelemba ya Ndosho.

Hiyo likelemba ilikuwa ya watu ishirini na wanne, mafundi na wachuuzi. Kila wiki mbili kila mmoja alitoa dola hamsini, na rundo lote akapewa mtu mmoja. Wiki mbili baadaye mwingine, mpaka duara lizunguke. Mambo hayo yanafanyika kila mahali. La kwao peke yao lilikuwa hili: kiongozi wao hakuchaguliwa kwa akili wala kwa pesa. Kiongozi alikuwa yule atakayekula, yaani atakayepokea rundo, wa mwisho. Aliyekula wa kwanza anaweza kuchoka, kuhama mtaa, au kuugua ugonjwa usioonekana na daktari. Wa mwisho hana nafasi hiyo. Yeye ndiye atakayetembea kwenye mvua kumgongea mchelewaji mlango, maana likelemba ikivunjika njiani, aliyeumia ni yeye. Walimwita Wa Mwisho, na kwao hilo lilikuwa jina la cheo.

Mwaka huo Wa Mwisho alikuwa Adalbert. Wenzake ishirini na watatu walikwisha kula. Lilibaki rundo moja, lake, la dola elfu moja mia mbili, na kila mtu alijua litafanya nini. Litanunua mashine ya umeme ya kuranda mbao. Adalbert alikuwa ameipitia dukani mara nyingi hata mwenye duka akaanza kumwita bwana arusi. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kwa kusukuma randa la mkono. Usiku hakuweza kulilalia.

Walikutana kwa Kahindo, mama anayeuza jibini za Masisi, ambaye ndiye aliyeshika hesabu ya likelemba. Duka lilikuwa dogo. Watu walikaa juu ya masanduku, wengine wakasimama mlangoni.

"Tunatafuta mutu wa kusimama mbele ya Constant," alisema Kahindo.

"Weye," alisema Adalbert. "Unajua Kifaransa, unajua hesabu, na ukianza kuongea hakuna mwenye anakukatisha. Tumemaliza. Twende nyumbani."

"Mimi nilikula wa tatu, Papa Adalbert. Nilishapiga nyumba yangu mabati. Mutu mwenye iko chini ya mabati yake anaweza kusumbuka kama weye?"

"Sasa hiyo inaingilia wapi?"

Nizeyimana, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, kijana wa Rutshuru mwenye utani mwingi, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Muzee, shida ya kule juu ndiyo hiyo hiyo. Benye banakula wa kwanza ndio banaongoza. Mutaro ukikosa kujengwa, bao banapoteza nini? Tubapelekee Wa Mwisho. Baone sura yake."

"Sura yangu iko na nini?"

"Haiko na kitu, muzee. Iko tu sura ya mutu anangojea."

Duka lilicheka mpaka jibini zikatikisika kwenye rafu. Hata Adalbert alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini kicheko kilipokwisha, aliona kwamba hawakuwa wanatania. Kwao jambo hilo halikuwa hata la kupigia kura. Kiongozi ni Wa Mwisho, na Wa Mwisho alikuwa amekaa pale juu ya sanduku la soda.

Kahindo akafanya hesabu kwa sauti. Marafiki wote wenye hisa, wa Ndosho, wa Majengo, wa Katindo, akawajumlisha mmoja mmoja. "Tunapungukiwa kura mia mbili na kitu," alisema mwishoni.

Mia mbili na kitu, kwa dola tano tano. Kila mtu mle ndani alipiga hesabu hiyo kichwani, akafika mahali pamoja, kisha akaangalia pembeni. Mmoja akaangalia mlango. Mwingine akakuta kucha zake zina uchafu. Hakuna aliyelitaja rundo. Ilikuwa adabu, na Adalbert aliona heri wangemwomba.

Siku mbili baadaye Constant alikuja mwenyewe atelie, bila dereva. Akapita juu ya maji kwa kuruka, akaketi kwenye kitanda kisicho na vanishi, akakipima kwa kurukaruka juu yake.

"Kitanda kizuri," alisema. "Kinaweza kubeba ndoa."

"Kinabeba kama mutu analipa. Unanunua?"

"Nitanunua sita, kwa madereva wangu. Adalbert, tuongee kama batu bazima. Nasikia uko na candidature ya kile kiti."

"Banasema."

"Ile meza unaijua? Pale banaongea Kifaransa na Kiingereza toka asubuhi mpaka jioni. Ukikosa neno moja, banakupita. Mimi nilikaa na hao batu. Najua mahali banacheka na mahali banakasirika. Uniachie kiti, nitabaambia habari ya mutaro wenu kwa heshima."

"Ulibaambia siku pesa inarudi?"

Constant akacheka. "Uko mugumu kama mukaratusi. Sikia. Kwa depo yangu ya simenti kuna mashine ya kuranda, ya Kitaliano. Hakuna mwenye anaitumia. Uje kuichukua kesho. Utanilipa polepole, hata miaka mitatu."

Adalbert aliweka randa chini. Ilikuwa ni kweli, alijua, Constant hakuwa mtu wa kuahidi hewa. Mashine ingekuwa pale kesho, na rundo lake lingebaki mfukoni, na vitanda sita juu yake. Alilishika bega bila kujua.

"Na kama naichukua, kiti?"

"Kiti unaniachia. Ni kiti tu, ndugu yangu. Weye ndiye fundi wa mbao, unajua bei yake."

"Nitakuambia siku ya mosi, siku ya kura," alisema Adalbert.

Jioni hiyo alimweleza mkewe Masika yote, kuanzia meza ya Ulaya mpaka mashine ya Kitaliano. Masika alikuwa anageuza ugali, na hakuacha kuugeuza.

"Mwaka muzima tumekula majani ya sombe bila samaki juu ya ile mashine," alisema.

"Najua."

"Batoto banakuiga namna unashika bega. Banacheza hivyo."

"Nimeona."

"Sasa Constant anakupa mashine, na likelemba inakupa pesa. Mutu anaweza kupata vyote viwili, na weye unaniuliza?"

"Sikuulizi. Nakuambia tu."

Masika akaweka ugali kwenye sahani, akaketi, akamtazama. Maji ya mvua yalikuwa yamefika kizingiti cha jiko. Alikuwa ameweka matofali mawili ya kukanyagia.

"Mimi niko mutu wa kukanyaga tofali ndani ya jiko yangu," alisema hatimaye. "Miaka kumi. Ukichukua mashine ya Constant, nitakanyaga ingine kumi, na atatusalimia toka kwenye gari. Uende ununue hizo kura. Lakini mbele ya hao bazungu usivae ile koti ya marehemu kaka yako. Inakufanya kama mutu mwenye aliivua kwa maiti akakimbia."

Adalbert alicheka mpaka akapaliwa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho nyumba yao ilikuwa na furaha hivyo, na walikuwa wamekubaliana kupoteza kila kitu.

Alhamisi akapewa rundo lake mbele ya wote, zima, mkono kwa mkono. Kuligawa rundo ilikuwa mwiko: likelemba inampa mtu mmoja, na mtu huyo analipeleka mwenyewe anakotaka, bila mwingine kushika noti. Ijumaa akalipeleka Majengo kwenye koperative, Kahindo akimfuata nyuma kama mlinzi. Akanunua hisa mia mbili na arobaini, zote kwa jina lake. Karani alipiga muhuri, akamtazama mara moja, akamgeukia mwingine. Walirudi Ndosho kwa miguu, na kila hatua mtu aliwasimamisha kuwashika mikono.

Siku ya mosi, Jumamosi ya uchaguzi, asubuhi Adalbert alikuwa anatafuta shati wakati simu ilipolia. Kahindo alikuwa Majengo, amekwenda kusoma orodha ya wapigakura iliyobandikwa ukutani.

"Papa Adalbert, tumefanya ujinga."

"Upi?"

"Mutu mumoja hawezi kupiga kura zaidi ya ishirini. Hata kama iko na hisa elfu. Mufuko uliweka hivyo ili tajiri mumoja asimeze uchaguzi."

"Hiyo iko vizuri."

"Iko vizuri, lakini weye ndiye tajiri. Uko na mia mbili na makumi ine kwa jina moja. Mia mbili na makumi mbili zimekufa."

Adalbert alikaa kitandani. "Na Constant?"

"Constant anajua toka zamani. Ametawanya zake. Madereva, mashemeji, bakarani. Hata mpishi wake iko na makumi mbili, na sizani kama anajua. Sisi tulileta rundo kwa mukono mumoja, kama tunavyofanya siku zote. Hakuna mwenye alituambia kugawa, na hakuna mwenye aliuliza."

"Tufanye nini?"

"Unaweza kugawia bengine. Batu kumi na mumoja, kila mumoja makumi mbili. Lakini bafike hapa bao wenyewe, na karte ya élection, ile ya kupigia kura, baweke kidole. Banafunga orodha saa sita. Kura ni saa nane."

Ilikuwa saa nne na nusu.

Adalbert hakuaga. Alitoka na shati halijafungwa vifungo, akavuka barabara mbio mpaka kituo cha moto ambako Nizeyimana alikuwa amelala juu ya tangi lake akisikiliza muziki. Kijana alielezwa mara moja tu. Alisimama juu ya kiti cha moto yake, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, na madereva saba wakageuza vichwa. Baada ya dakika chache moto zilikuwa zinaingia vichochoroni kama nyuki waliorushiwa jiwe.

Mchomea vyuma alikutwa na miwani usoni, akaondoka nayo. Fundi wa viatu aliacha mteja na mguu mmoja wazi. Mama Nyiransabimana, muuza maharagwe, mama mnene wa Kalengera mwenye sauti ya kanisa, alikuwa anapima debe, na alitaka kwanza kumaliza.

"Mama, panda," alisema Adalbert.

"Nipande wapi? Hiyo kitu iko na batu babili tayari."

"Utakuwa wa tatu."

"Mimi siko wa tatu. Mimi niko watatu," alisema Nyiransabimana, na soko lote likacheka. Lakini alimwachia jirani debe, akachomoa karte yake kifuani, akapanda, na moto ya Nizeyimana ikashuka kama ngamia anayepiga magoti.

Wakati huo mvua ikaanza, nayo haikuanza kwa matone. Chini ya soko, mahali ambapo mtaro ulipaswa kupita, barabara ilikuwa imekwisha kuwa mto wa rangi ya kakao. Malori mawili yalikuwa yamekwama katikati. La kwanza limetumbukiza gurudumu shimoni, la pili liko nyuma yake halina pa kugeukia, na ubavuni mwa yote mawili limeandikwa jina la Constant kwa herufi nyekundu. Madereva walikuwa wamekaa kwenye kabini wanakula karanga.

Moto zikapanda barazani. Zikapita mbele ya maduka, chini ya mabati, kati ya ndoo na cherehani, wenye maduka wakipiga kelele na kisha, walipomwona Adalbert, wakisukuma. Mwisho wa baraza palikuwa na hatua kama ishirini za maji tu, bila njia nyingine. Watu wakashuka, moto zikabebwa juu juu. Nizeyimana akageuza mgongo, akainama mbele ya Nyiransabimana.

"Panda, mama."

"Ukiniangusha, mama yako ataninunulia kitenge kipya."

"Nikikuangusha, mama, mama yangu atanizika."

Alimvusha. Katikati ya maji kiatu kimoja cha mama kilichukuliwa kuelekea ziwani, naye alikiangalia kikienda bila kusema chochote, ameishika karte yake juu kama askofu na msalaba. Adalbert alitembea nyuma yao, maji kwenye mapaja, akicheka. Hakujua anacheka nini.

Waliingia koperative watu kumi na mmoja, wakidondosha maji sakafuni, mmoja na miwani ya kuchomea, mmoja na kiatu kimoja. Kahindo alikuwa ameweka mgongo wake kwenye mlango ili usifungwe. Karani aliangalia saa, akaangalia watu, akasema kwa upole:

"Kufungua jina jipya ni dola kumi. Kila mutu."

Hilo hata Kahindo hakuwa amelisoma. Adalbert alipekua mifuko yake yote. Alikuwa na franka za nauli tu.

Kisha Nyiransabimana akafungua fundo la kitenge, akaweka dola arobaini mezani. Zilikuwa za kwenda Kalengera siku ya pili kununua maharagwe. Nizeyimana akatoa kumi na tano, pesa ya kumkabidhi mwenye moto jioni.

"Utamwambia nini?" Adalbert alimwuliza.

"Nitamwambia moto ilikula majani."

Kahindo naye hakubaki nyuma. Alitoa bahasha kwenye mkoba, ile yenye jina la shule ya mwanawe, akahesabu hamsini na tano. Zikatimia mia moja na kumi. Karani akachukua, akavuta kibweta cha wino, na vidole vikaanza kushuka kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha mchomea vyuma. Kilipoinuliwa, mlinzi alikuwa tayari ameshika ufunguo mlangoni.

Saa nane ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mjumbe wa Mfuko alionekana ukutani kwenye skrini, akiwa Kigali. Bima yake haikumruhusu kuvuka mpaka. Alipoomba radhi kwa hilo, ukumbi ulicheka kwa muda mrefu, naye akacheka pamoja nao bila kujua kwa nini.

Constant alisema kwanza, na alisema vizuri. Aliwachekesha watu, akawapa takwimu, akataja miji mingine na mikopo yake, na hata Nyiransabimana alimpigia makofi kabla hajakumbuka. Kisha akaitwa Adalbert. Kahindo alikuwa amemfundisha mambo mawili ya kusema. Aliposimama, yote mawili yakatoka kichwani.

"Mimi naitwa Adalbert," alisema. "Niko fundi wa vitanda, Ndosho. Mutaro haukujengwa, lakini tuliulipia. Kwa ile meza nitauliza ni juu ya sababu gani tuliulipia. Bakikosa kunijibu, nitauliza tena kesho yake. Ni hilo tu."

Akaketi. Wachache walipiga makofi. Nizeyimana alimpa alama ya kidole, lakini uso wake ulikuwa na wasiwasi.

Kura zilisomwa moja moja, kwa jina na idadi. Makumi mbili Constant. Makumi mbili Adalbert. Tano Adalbert. Makumi mbili Constant. Watu walihesabu kwa midomo. Constant alitangulia, akaendelea kutangulia, na Kahindo alikuwa ameshika mkono wa Nyiransabimana mpaka ukafa ganzi. Kisha karani akaita jina moja, hakuna aliyejibu. Akaita lingine, hakuna aliyejibu. Constant aligeuka nyuma kutafuta kwa macho, na hapo Adalbert akakumbuka karanga.

Mwishoni ilikuwa mia sita kumi na moja kwa Constant. Kwa Adalbert, mia sita kumi na nane.

Kelele iliyotoka humo ilisikika mpaka sokoni. Watu walimwinua Adalbert kwa bega lile lile bovu, akapiga ukelele, wakadhani ni furaha, wakamwinua zaidi. Mjumbe kwenye skrini alikuwa anasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mtu alianza wimbo, wa pili akauchukua, na Nyiransabimana akacheza kwa mguu wenye kiatu.

Constant alingoja mpaka walipomshusha, akaja kumpa mkono.

"Madereva wangu babili bamekwama Ndosho," alisema. "Kura makumi ine ndani ya maji. Sasa hata mimi naanza kuutaka huo mutaro."

"Vile vitanda sita, bado unavitaka?"

"Navitaka. Lakini utaviranda na mukono, ndugu yangu." Akacheka kile kicheko chake kikubwa, akaenda kutafuta mtu wa kuvuta malori.

Adalbert ndiye mtu wa kwanza wa Goma kukaa kwenye meza hiyo. Kahindo atakwenda naye kumtafsiria.

Gharama yake ni hii. Dola elfu moja mia mbili za Adalbert, zilizogeuka hisa, na kwa sheria hisa hizo haziuziki mpaka miaka miwili ya kiti iishe. Mashine ya Kitaliano, iliyobaki kwa Constant. Dola arobaini za Nyiransabimana: magunia mawili ya maharagwe hayakutoka Kalengera, na meza yake sokoni ilikaa tupu wiki mbili. Kiatu kimoja. Dola kumi na tano za Nizeyimana, na moto, ambayo mwenye nayo aliichukua jioni hiyo hiyo akampa kijana mwingine. Dola hamsini na tano za Kahindo: mwanawe alirudishwa kutoka darasani Jumatatu kwa kukosa ada, akakaa nyumbani mpaka mwezi wa kumi na moja.